Kabla hujaenda kwenye magofu ya Pemba, hesabu maji

Wengi wanaovuka kwenda Pemba hujitayarisha kama wanaokwenda Mji Mkongwe: simu ina chaji, begi jepesi, mengine wataulizia huko huko. Pemba haiendi hivyo. Magofu yake mengi yako mbali na duka na mbali na bomba la maji, na mengine yanafikika kwa saa chache tu za siku.

Meli ya Mkoani, bandari ya Pemba, ukiikuta imejaa watu mpaka kwenye ngazi, usipande, hata kama umeshakata tiketi. MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imepakia kupita uwezo wake. Miezi ya kusi, upepo wa kusini, Juni hadi Septemba, bahari huchafuka. Kula kidogo kabla ya kupanda.

Pesa taslimu chukua Chake Chake. Gari za abiria za Wete ni namba 606, za Konde 602, za Mkoani 603, nazo hupungua sana jioni. Anza safari ya kurudi kabla ya saa kumi. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu. Viatu vya kufunga, si kandambili. Mabega na magoti yafunikwe, na mwanamke awe na kanga mbili. Ijumaa mchana usimpangie mtu kazi. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani.

Sasa Ras Mkumbuu, maana hapa ndipo watu wanapoumbuka. Ni rasi ndefu magharibi ya Chake, na huko mwisho kuna msikiti mkubwa wa mawe na makaburi ya nguzo, mabaki ya mji uliokuwa hai kabla ya Mreno kufika. Njia ya nchi kavu ni mbovu, kwa hiyo ni bora kukodi mashua kwenye bandari ya Wesha. Kosa hufanyika hapo hapo bandarini: mgeni anasema tutoke saa mbili, tukishakunywa chai, na mwenye chombo, kwa kuwa anataka kazi, anaitikia. Ikiwa ni bamvua, yaani siku za maji makubwa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, saa mbili maji yanakimbia. Bahari hii wakati wa bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Nusu saa baadaye mashua imekaa topeni, imelala ubavu, mizizi ya mikoko yote iko nje. Anayeshuka ili atembee huzama hadi magotini, na chaza walioganda kwenye mizizi humkata nyayo kama wembe. Pondo la kusukumia chombo nalo linadidimia tu. Chombo kilichokwama saa mbili na nusu hakinyanyuki kabla ya kama saa tano na nusu, kwa sababu ni lazima maji yapwe kabisa, kisha yajae tena mpaka pale pale yalipokiacha. Ni muda wa saa tatu za jua kali bila kivuli, na mtoto mdogo akiwemo chomboni hilo si jambo la kuchukulia wepesi.

Hesabu ya maji si ngumu, na kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha. Tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Ndiyo maana tarehe 8 maji hujaa kama saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, na tena huwa ni maji mafu, hayapwi sana. Basi nenda tarehe 7 hadi 9, au 22 hadi 24. Toka Wesha saa moja na nusu maji yakiwa yanajaa, tembea magofuni, na uwe umerudi chomboni kabla ya saa tano na nusu. Kisha muulize mvuvi, maana mwandamo ukihitilafiana siku moja, wewe umekosea dakika 50.

Pujini, kwenye ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa kale, na kwenye makaburi ya Chwaka karibu na Tumbe, usipande kuta, chokaa imeshalegea. Usiokote hata kigae. Ukikuta kipande cha kitambaa, chetezo chenye majivu au sarafu, hiyo ni nadhiri ya mtu aliyekuja na shida yake. Usiguse, usipige picha.

Mdomo nao utayarishe. Tarehe 27 Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waliokuwa wakiandamana kupinga uchaguzi wa Oktoba 2000, Wete, Micheweni na kwingineko Zanzibar. Zaidi ya watu 30 walikufa, na wengine kama 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Waliozika wapo, wamekaa barazani. Mapinduzi ya 1964 nayo bado yana wanaoyakumbuka. Kwa sheha, mkuu wa mtaa au kijiji, piga hodi kwanza, ndiyo adabu na ndiyo utaratibu. Lakini usifuatane naye kwenda kumuuliza mzee habari za 2001: sheha huteuliwa na serikali, na ndiye anayethibitisha nani ni mkaazi anayestahili kupiga kura, jambo lililogombaniwa uchaguzi baada ya uchaguzi. Mbele yake mzee atakuhadithia mvua na karafuu. Usimrekodi mtu kwa siri, usiandike jina lake. Mzee akikiinamisha kikombe cha kahawa na kusema, "Hayo yamepita, mwanangu," usilirudie swali kwa maneno mengine. Mshukuru, muage.

Usipige picha bandarini wala karibu na kambi. Tochi iwe mfukoni, umeme hukatika. Msimu wa karafuu usikanyage majamvi yaliyoanikwa kando ya barabara, na mtu akikupa kifurushi cha karafuu umpelekee jamaa yake ng'ambo, kataa, hata awe mwenyeji wako. Karafuu hununuliwa na shirika la serikali peke yake, na ya magendo ikikutwa begini mwako, kesi ni yako.