Sauti ya Rory Gallagher: gitaa, kisanduku, AC30 na kidole cha mwisho

Weka albamu ya Live in Europe ya 1972, ya mpiga gitaa wa Ireland Rory Gallagher, vaa hedifoni, ufuate gitaa peke yake. La pili halipo. Kuna Rory Gallagher, Gerry McAvoy kwenye besi na Wilgar Campbell kwenye dramu, basi. Gitaa hilo hilo moja linalia safi kama kengele, na baada ya mapigo mawili linanguruma bila pedali yoyote kukanyagwa. Kisanduku chake cha kuongeza trebo, yaani sauti za juu, kinabaki kimewashwa muda wote, amplifaya imefunguliwa, na anayeamua usafi au ukali ni kidole kinachozungusha volyumu ya gitaa. Kila hatua hapa chini inatengeneza njia kwa ajili ya kidole hicho.

Mwongozo huu unahusu enzi za Taste, bendi yake ya awali, na miaka ya kwanza ya bendi yenye jina lake mwenyewe: gitaa la Fender Stratocaster, kisanduku cha Dallas Rangemaster na amplifaya ya Vox AC30. Baadaye alihamia kwenye amplifaya za Fender na visanduku vingine, na hayo ni mapishi tofauti.

Hatua ya 1: Gitaa

Stratocaster yake ilitengenezwa 1961. Aliinunua 1963 katika duka la Crowley's, mjini Cork, Ireland, kwa takriban pauni 100. Iliwahi kuibwa, ikatupwa mtaroni ikanyeshewa, na miaka ya jasho jukwaani ikamalizia rangi iliyobaki. Mwaka 2024 ilipigwa mnada London, na mnunuzi akaitoa kwa Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Tafadhali usilipige gitaa lako msasa ili lifanane nayo. Mbao iliyochubuka haiongezi chochote kwenye spika.

Gitaa lolote la umbo hilo lenye pikapu tatu za koili moja linafaa, hata la bei nafuu. (Pikapu za gitaa, yaani sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi, si za kubebea mkaa.) Weka seti ya nyuzi za 10, yaani ile ambayo uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010. Pandisha nyuzi hadi kama milimita 2 juu ya freti ya 17, kwa sababu utahitaji nafasi ya kuvuta uzi na ya kutelezesha chuma. Kisha bana uzi kwenye freti ya mwisho upime umbali wake na pikapu: milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba, 2.5 upande wa nene. Ukizisogeza karibu zaidi ukidhani utapata nguvu, sumaku itauvuta uzi, na noti za juu kwenye nyuzi nene zitayumba kana kwamba gitaa halijatuniwa.

Rory alitoa mkono wa tremolo, ule wa kuyumbisha sauti, na kuifunga tremolo yenyewe kwa kipande cha mti. Fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu mbili zinazoshika springi mpaka daraja, chuma kinachobeba nyuzi, lilale bapa juu ya mwili wa gitaa, tuni upya, ndipo ukate kipande cha mbao ngumu, mninga au mvule, kinachoingia bila kulegea kati ya chuma cha daraja na ukuta wa shimo upande wa mkia. Kisukume kwa kidole. Kisigongwe kwa nyundo. Faida utaiona ukivuta uzi mmoja: nyuzi nyingine hazishuki tuni, kwa kuwa daraja haliinuki tena.

Kazi ya mwisho kwenye gitaa ni waya mmoja. Stratocaster ya kawaida haina nobu ya toni kwa pikapu ya daraja, na pikapu hiyo ikikutana na kisanduku cha trebo inakata masikio kama tindo. Rory alikuwa na toni moja kwa pikapu zote. Njia rahisi kwako: fungua bamba la mbele, tazama swichi, utafute upande ambao waya za nobu za toni zinaingia. Pini ya pikapu ya daraja upande huo kwa kawaida haina kitu. Iunganishe kwa kijiwaya kifupi na pini ya toni ya kwanza, ile ya pikapu ya shingo. Wengi huiunganisha na toni ya pili. Inafanya kazi, ila nobu hiyo iko mbali na kidole cha mwisho, na kidole hicho kina kazi katika hatua ya 4.

Hatua ya 2: Kisanduku

Rangemaster za miaka ya 1960 ni adimu na ghali, lakini ndani yake kuna transista moja ya jemaniamu na vipande visivyofika kumi. Fundi anayejua kulehemu anamaliza kwa jioni moja. Mahitaji:

- transista ya PNP ya jemaniamu: OC44, OC71, AC125 au GT308 ya Kisovieti
- rezista za 470k, 68k na 3.9k (k ni kiloomu)
- kapasita za nanofaradi 4.7 na nanofaradi 10
- kapasita mbili za mikrofaradi 47, volti 16 au 25
- poteshometa (nobu ya kuongeza na kupunguza) ya 10k, jeki mbili, swichi, na betri ya volti 9

Kabla ya kulehemu chochote, pima transista. Sehemu ya kupimia transista kwenye mita za kawaida inadanganya kwa jemaniamu, maana inahesabu mvujo wa umeme kama nguvu ya kukuza. Transista ina miguu mitatu: emita, kolekta na beizi. Unganisha emita na chanya ya betri, kolekta na hasi kupitia rezista ya 2.4k, na beizi uiache hewani. Soma volti juu ya rezista hiyo: hayo ni mavujo. Kisha unganisha beizi na hasi kupitia rezista ya megaomu 2.2 usome tena. Toa somo la kwanza, zidisha kwa 100, na hiyo ndiyo nguvu halisi ya kukuza. Unatafuta kati ya 60 na 100. Somo la mavujo lisizidi volti 0.24, yaani mikroampea 100. Usiishike transista kwa vidole unapopima. Utaona namba ikipanda mbele ya macho yako kwa joto la mkono tu. Iweke mezani usubiri dakika moja.

Kwa wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat jambo hili ni zito kuliko kwa wa Cork. Mavujo ya jemaniamu huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi joto 10. Transista iliyopimwa vizuri alfajiri inaweza kukoroma ukumbini saa tatu usiku. Ndiyo sababu kikomo cha hapa ni kikali kuliko kile cha mikroampea 200 ambacho wajenzi wengi hukubali.

Sasa unganisha. Kumbuka kwamba katika saketi hii chanya ya betri ndiyo graundi.

Jeki ya kuingia inapita kapasita ya nanofaradi 4.7 hadi kwenye beizi. Rezista ya 470k inatoka beizi kwenda hasi, ya 68k kutoka beizi kwenda graundi. Emita inakwenda graundi kupitia 3.9k, na sambamba nayo kapasita ya mikrofaradi 47, mguu wa chanya ukiwa graundi. Kolekta inashika mguu mmoja wa pembeni wa poteshometa, mguu wa pembeni wa pili unashika hasi, na wa katikati unatoka kupitia nanofaradi 10 hadi jeki ya kutokea. Mikrofaradi 47 ya pili inakaa kati ya graundi na hasi, chanya ikiwa graundi. Transista ichomeke kwenye soketi. Ukiilehemu moja kwa moja, bana mguu wake kwa koleo ndogo ili joto lisifike ndani.

Pima kolekta dhidi ya graundi: tafuta volti hasi 7 au karibu. Ikishuka hadi hasi 5, mavujo yamezidi, badilisha transista. Ikikaa karibu na hasi 9, transista haifanyi kazi, na mara nyingi miguu imegeuzwa.

Ile kapasita ndogo ya kuingia ndiyo roho ya kisanduku. Inazuia besi isifike kwenye transista, kwa hiyo amplifaya inasukumwa na sauti za juu na za kati tu, na nyuzi nene hazigeuki matope hata gitaa likinguruma. Ukiona sauti yako imekonda mno, weka nanofaradi 10. Ukifika nanofaradi 47 umekuwa na kitu kingine kizuri, ila si hiki.

Makosa mawili yanarudi kila mara. La kwanza, kuchangia adapta moja na pedali nyingine. Pedali nyingi zina graundi ya hasi, hii ni ya chanya, na zikikutana ni shoti. Tumia betri yake peke yake. Inakula chini ya nusu miliampea, itakaa miezi ukichomoa waya baada ya kupiga. La pili, kuweka pedali nyingine kabla yake. Kisanduku kinataka kushikana na koili za gitaa moja kwa moja. Ukitanguliza pedali yenye bafa (saketi inayotenganisha gitaa na kinachofuata) au kifaa kisicho na waya, sauti inakuwa ya kioo kilichovunjika, na volyumu ya gitaa haisafishi tena.

Jemaniamu ikikosekana, 2N3906 ya silikoni inafaa, mradi 3.9k uibadilishe iwe 1.8k. Joto haliisumbui. Ina ukali kidogo zaidi, utakaopunguza kwa toni.

Hatua ya 3: Amplifaya

AC30 ina vali (taa za kioo za kukuza sauti) nne za EL84, wati 30 na spika mbili za inchi 12. Chomeka kwenye chaneli ya Normal. Wengi wanakimbilia chaneli ya Top Boost, yenye trebo ya ziada, wanaongeza trebo juu ya trebo, kisha wanailaumu transista. Bila kisanduku, volyumu ya gitaa ikiwa 10, pandisha volyumu ya amplifaya hadi sauti ianze tu kupasuka ukipiga kwa nguvu. Nobu ya Cut hufanya kinyume cha unavyotarajia: ukiiongeza, trebo inapungua. Anza nayo katikati. Ndipo uwashe kisanduku kikiwa nusu.

Kisanduku chenyewe hakitoi mngurumo mwingi. Kinaisukuma vali ya kwanza nayo ndiyo inayonguruma. Kwa hiyo ukikichomeka kwenye amplifaya safi ya transista utasikia mbu. Hapo weka baada yake pedali ya ovadraivu (ya mngurumo) yenye geini ndogo, au tumia programu inayoiga AC30 kwenye kompyuta, kisanduku kikibaki kati ya gitaa na kompyuta. Na wati 30 za vali nyumbani ni ugomvi na jirani. Amplifaya ya EL84 moja, wati 4 au 5, inakupa tabia ile ile kwa kelele ya kuvumilika. Amplifaya yoyote ya vali isiwashwe bila spika, transfoma ya kutokea itaungua. Iliyoagizwa Marekani ya volti 120 isichomekwe ukutani bila transfoma ya kushusha umeme.

Hatua ya 4: Mikono

Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alipokuwa bado kijana, alimuuliza Rory anapataje sauti hiyo, akajibiwa waziwazi: AC30 na kile kisanduku. May akavinunua, na matokeo yakawa sauti ya May. Vifaa vinakufikisha mlangoni tu.

Shika kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya A. Piga mapigo manne volyumu ikiwa 4, manne kwenye 7, manne kwenye 10, nguvu ya mkono ikiwa ile ile. Kwenye 4 lazima iwe safi kabisa. Isipokuwa hivyo, punguza amplifaya, si kisanduku. Halafu iache kwenye 8 ubadilishe nguvu ya mkono peke yake. Ridhimu ya Rory inaishi kati ya 6 na 7, solo inapanda 10, na safari kati ya hizo mbili hufanyika ndani ya pigo moja.

Ule mlio wa "waa" unaodhaniwa ni pedali ya wawa mara nyingi ni nobu ya toni. Funga toni hadi 0, piga noti kwenye pikapu ya daraja, uifungue kwa kidole cha mwisho noti ikiwa bado inalia. Nobu ikiwa ngumu, zoezi linakufa. Lainisha au badilisha.

Kwa filimbi kali zinazoruka katikati ya solo, shika piki karibu na ncha, ukingo wa kidole gumba uguse uzi mara tu piki inapopita. Sogeza mkono sentimita moja kuelekea shingo na filimbi inabadilika. Pasipotoka kitu, kuna noti nyingine inasubiri hatua chache kando.

Slaidi, kile chuma cha kutelezesha: soketi ndefu ya fundi magari, namba 17 au 19, kwenye kidole cha mwisho. Weka juu kabisa ya chuma cha freti, si katikati ya freti mbili, na kidole cha nyuma yake kilale juu ya nyuzi kuzuia mikwaruzo.

Hatua ya 5: Wenzako

Aliyezoea muziki wa dansi, wenye solo, solo ya pili na ridhimu, atahisi baridi kwenye bendi ya watatu. Gitaa likiingia solo, hakuna anayeshika kodi. McAvoy, aliyekaa na Rory tangu 1971 hadi 1991, hajazi pengo hilo kwa noti nyingi. Anaifanya besi iwe nene na kusukuma mbele kidogo ya pigo. Mpiga besi wako aongeze sauti za kati, asiongeze besi ya chini, vinginevyo solo itaelea hewani peke yake. Kinanda cha Lou Martin kilipoingia 1972, pamoja na Rod de'Ath kwenye dramu, Rory aliweza kuacha kodi kwa muda mrefu zaidi, na utasikia tofauti hiyo kwenye albamu ya Irish Tour '74.

Dramu zisifunikwe na gitaa. Panga amplifaya ili volyumu ya gitaa ikiwa 6 snea, dramu ndogo yenye mlio mkali, isikike juu yake, na ikiwa 10 vilingane. Ukiweka usawa huo gitaa likiwa 10 pekee, wimbo mzima utapigwa kwenye 10, na waya, kisanduku na kile kipande cha mninga vitakuwa kazi bure.