Mambo ya kuzingatia kabla ya kukabidhi taka za zahanati kwa msafirishaji

Ukifungua zahanati au maabara jijini Nairobi, hata ya vyumba viwili, unawajibika kwa taka zake zenye maambukizi, na wajibu huo haupungui kwa sababu mifuko yako ni michache. Tenganisha taka pale pale zinapotoka: mfuko mweusi kwa taka za kawaida, wa manjano kwa zenye maambukizi, mwekundu kwa viungo vya mwili na taka za hatari zaidi. Sindano ziingie katika sanduku lake gumu bila kurudishiwa kifuniko, na sanduku lifungwe likijaa robo tatu. Wanaobeba mifuko wapewe glavu nene na buti, tena wawe wamekamilisha dozi tatu za chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kuanza kazi. Chumba cha kuhifadhia kiwe na kufuli.

Sasa leseni. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinamkataza mtu kusafirisha taka bila leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na hata mwenye leseni haruhusiwi kuzipeleka popote ila mahali palipopewa leseni ya kuzipokea. Sehemu hiyo ya pili isome mara mbili, kwa maana ndiyo niliyoipuuza.

Nilikuwa nikisimamia zahanati upande wa Eastlands. Msafirishaji wetu alipopandisha bei, tukaletewa mwingine mwenye pikapu iliyofunikwa vizuri, aliyetaka nusu ya malipo yale. Nilimwomba leseni; nikaona nembo, mhuri na mwaka, nikaridhika. Sikusoma mstari unaotaja aina ya taka, uliomruhusu kubeba taka za majumbani tu. Kila Ijumaa alipakia, nikatia sahihi kitabu chake, nikafunga lango, na sikuwahi kumuuliza ni tanuri gani la kuteketezea taka linalopokea mzigo wetu. Tulipofika mwezi wa tatu na msafirishaji huyo, alikuja mama mmoja na mwanawe, kijana anayeokota plastiki kando ya mto, mama ameshika kipande cha mfuko wa manjano chenye jina la zahanati yetu. Kijana alikuwa amechomwa na sindano siku nne zilizotangulia. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzishwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28; saa hizo zilikuwa zimekwisha. Tulimpima siku hiyo na tukaendelea kumpima kwa miezi kadhaa. Vipimo vyote vilitoka salama, lakini kila alipokuja nilishindwa kumtazama mama yake machoni. Maafisa walipofika kuuliza mzigo wetu ulikuwa ukienda wapi, hatukuwa na karatasi hata moja ya kuwaonyesha, na simu ya dereva ilikuwa imezimwa.

Kwa hiyo usitie sahihi na kufunga lango. Kanuni za usimamizi wa taka zinadai kila mzigo uandamane na hati ya kuufuatilia. Pima mifuko mwenyewe, andika uzito, aina ya taka, namba ya gari na jina la dereva, kisha udai nakala irudi ikiwa na sahihi na mhuri wa mwenye tanuri, pamoja na cheti cha uteketezaji. Uzito ukitofautiana, uliza siku hiyo hiyo. Nakala isiporudi, mzigo unaofuata usitoke. Nenda pia ukalione tanuri lenyewe kwa macho yako, likiwa linafanya kazi. Tanuri hula mafuta, na anayekutoza nusu ya bei ya wenzake akueleze mafuta hayo analipiwa na nani.

Yaliyobaki ni machache. Andika ukutani tarehe ya mwisho ya leseni ya msafirishaji wako, maana mwaka hupita upesi. Gari linalovuja au lililo wazi nyuma usilipakie, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji yanapotiririka kutoka barabarani hadi mitoni. Dereva awe na dawa ya kuua viini na vifaa vya kuzoa kitakachomwagika. Na wahudumu wa zamu ya usiku waelezwe wazi kwamba hawaruhusiwi kufungulia gari wasilolijua, hata dereva akitaja jina lako.