Namna ya Kupiga Besi Nje ya Kii

Katika bendi ya dansi, kwaya au jazi, mpiga besi ndiye anayewaonyesha wasikilizaji wimbo umesimama wapi, kwa sababu sikio huichukua noti nzito ya chini kabisa kuwa msingi na kupima kila kinachopigwa juu yake kwa noti hiyo. Ndiyo maana mpiga besi anayeingia katika muziki wa atonali, yaani muziki usiokuwa na kii (noti moja kuu ambayo nyingine zote huizunguka na kuirudia), ana kazi ngumu kuliko mpiga saksafoni: E moja ya uzi mtupu, yaani uzi usiogandamizwa, ikiachwa ivume kwa muda, inatosha kuwavuta wapigaji wote kwenye kii ya E, hata kama hakuna aliyekusudia. Tabia hiyo inapaswa kuondolewa kwanza kwenye vidole, kisha kwenye sauti yenyewe.

Anza kwa kujinyima. Kwa kipindi fulani cha mazoezi, usifuatanishe noti mbili zilizo umbali wa oktavu, wa freti 7 au wa freti 5 (kila freti ni nusu toni), kwa kuwa hizo ndizo zinazojenga kii haraka kuliko nyingine zote, nazo ndizo mkono uliozoea rumba hukimbilia bila kuulizwa. Badala yake uzoeze mkono umbali wa freti 1, 6, 11 na 13. Katika gitaa la nyuzi nne lililotyuniwa kawaida, umbali wa freti 6 hupatikana kwenye uzi mwembamba unaofuata, freti moja kuelekea daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Wa 11 hupatikana kwa kuruka uzi mmoja na kusogea freti moja. Na wa 13 kwa kuruka uzi mmoja na kusogea freti tatu. Piga polepole, tena uimbe noti ya pili kabla ya kuipiga, kwani kidole kinachoongozwa na umbo la mkono peke yake hurudi kwenye mazoea mara mwendo unapoongezeka.

Hatua inayofuata ni kujiwekea utaratibu. Mtunzi Arnold Schoenberg wa Vienna, aliyeanza kuachana na kii mnamo 1908, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1920 mbinu ya kupanga noti zote 12 katika safu, ambapo kila noti husubiri zamu yake. Huu hapa ni mfano wa safu inayofaa gitaa la besi: E, F, B, B♭, D, C♯, C, F♯, G, E♭, A, G♯. Ukiichunguza utaona kwamba hakuna noti mbili jirani zenye umbali wa freti 5 wala 7. Usiipige kama skeli. Itawanye katika oktavu mbalimbali. E iwe ya uzi mtupu, F iwe freti ya 3 ya uzi wa D, B iwe freti ya 2 ya uzi wa A, na B♭ iwe freti ya 3 ya uzi wa G. Noti nne hizo zimekwisha kuvuka nyuzi zote. Ukiizoea, ipige kutoka mwisho kwenda mwanzo, kisha igeuze ili kila ulipopanda freti kadhaa ushuke idadi ileile. Mimi siioni safu kama sheria ya kutungia. Kwa mpiga besi thamani yake kubwa ni kumlazimisha atumie noti ambazo asingezichagua.

Mdundo nao hujenga kituo. Noti inayorudi kila mara kwenye pigo la kwanza itasikika kama msingi, hata iwe noti gani. Kwa hiyo badilisha urefu wa noti na wa kimya, na usiogope kimya kirefu.

Baada ya noti, geukia sauti. Hamoniki za freti ya 12, 7 na 5, zinazopatikana kwa kugusa uzi bila kuugandamiza, hutoa oktavu na noti ya tano, yaani zinakurudisha kulekule. Hamoniki yenye manufaa zaidi iko kati ya freti ya 2 na ya 3, karibu zaidi na ya 3: sauti yake huwa chini, kwa takriban theluthi ya nusu toni, kuliko noti ya kawaida ya freti inayokaribiana nayo kwa sauti, na hakuna freti inayoitoa. Iguse kwa wepesi, ukwanyue uzi karibu kabisa na daraja, na uongeze sauti ya pikapu ya nyuma, yaani kinasa sauti cha gitaa kilicho karibu na daraja. Aliyekulia kwenye taarab ya Unguja, yenye athari za maqam (mifumo ya noti) za Kiarabu, huenda asishangazwe na noti za namna hiyo.

Unaweza pia kupitisha kipande cha karatasi ngumu juu na chini ya nyuzi kwa zamu, karibu na daraja, ili noti zikwaruze na zisivume. Mtunzi wa Marekani John Cage aliweka skrubu na bolti kati ya nyuzi za piano. Kwenye gitaa la besi vitu hivyo vitaharibu nyuzi na freti, na karatasi inatosha.

Kwa kusikiliza, anza na rekodi ya mpiga saksafoni wa jazi Ornette Coleman ya Desemba 1960, yenye makundi mawili ya wapigaji wanne wanne. Vaa spika za masikioni: Scott LaFaro anasikika upande wa kushoto na Charlie Haden upande wa kulia, na utaweza kuwafuata wapiga besi wawili wanaogawana nafasi bila kugongana, LaFaro akipanda juu mara nyingi huku Haden akibaki chini. Kisha tafuta rekodi ambayo Barre Phillips aliifanya peke yake kanisani London mnamo 1968, akipiga besi ya kusimama.

Unapopiga na mwenzako kwa mara ya kwanza, chagua mpiga ngoma au mpulizaji badala ya mpiga kinanda, kwa sababu kodi za kinanda (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zitakuvuta uzitafutie msingi. Kubalianeni kupiga dakika tano kamili mkitazama saa, rekodini, na mnaposikiliza andika kila mahali ambapo kii imejitokeza pamoja na noti yako iliyoisababisha. Noti hizo ndizo za kujinyima katika mazoezi yanayofuata.