Kompyuta ya mezani inalia: jinsi ya kuinasa sauti kabla ya kununua kipuri

Mashine nyingi za mezani zinazouzwa katikati ya Nairobi, hasa zile Dell na HP za ofisini, zimeshafanya kazi ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kufika Luthuli Avenue. Muuzaji amefuta kasha likang'aa, lakini feni ni zile zile, na mara nyingi diski pia. Ongeza vumbi la barabara ya murram, na si ajabu ikaanza kulia. Kosa linalofanywa sana ni kukimbilia kununua feni. Sauti ndani ya sanduku la bati hudanganya: bati hubeba mtetemo, kinacholia nyuma kikasikika mbele. Usitoe hela mpaka uwe umeinyamazisha sauti yenyewe kwa mkono wako, kifaa kimoja kwa wakati.

Hakikisha kwanza inayolia ni kompyuta. UPS (betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea) iliyo chini ya meza hugonga "tak" kila stima inapopanda na kushuka, kwa sababu relei yake, swichi ndogo ya ndani, inarekebisha volti. Watu wameshabadilisha diski nzima kwa ajili ya kelele hiyo. Mvumo wa spika nao hauhusiani na feni: chomoa waya wa spika, ukikatika, chunguza ekstensheni yako kama kweli ina waya wa ardhi. Kisha kandamiza ubavu wa kasha kwa kiganja. Sauti ikibadilika au kufa, ni bati linalotikisika. Kaza skrubu, na kata vipande vinne vya slipa kuukuu uviweke chini ya miguu ya kasha. Hapo umemaliza bila kufungua kitu.

Ikiendelea, angalia inalia wakati gani. Sauti inayopanda na kushuka kadiri kazi inavyozidi ni feni. Mvumo wa kiwango kimoja tangu kuwasha hadi kuzima mara nyingi ni diski, kwani injini yake huzunguka kwa mwendo ule ule, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Mlio mwembamba kama wa mbu unaotokea mchezo wa video unapofunguka ni koili za umeme. Kelele ya asubuhi za baridi za Julai inayotulia baada ya dakika tano ni grisi ya feni iliyoganda au iliyokauka. Bado ina muda kidogo, lakini anza kutafuta nyingine.

Sasa diski, na hii itangulie yote, maana feni ikifa unanunua nyingine ila picha na vitabu vya hesabu za duka havinunuliwi. Mkwaruzo mdogo mdogo unapofungua faili ni kawaida. Tiki moja ya hapa na pale mashine ikiwa imetulia pia ni kawaida, ni kichwa cha kusoma data kinarudi maegeshoni. Kibaya ni kugonga kwa mpangilio: tak… tak… tak, karibu kila sekunde, huku Windows imeganda na kipanya hakisogei. Kichwa kinatafuta alama zake kwenye sahani inayozunguka yenye data, hakizioni, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Kila jaribio laweza kukwaruza zaidi.

Ukisikia hivyo, acha uchunguzi. Nakili faili muhimu kwenye diski ya nje, ukianza na zile usizoweza kuzipata kwingine, filamu zitasubiri. Usiendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski inayokufa, itaichosha kwa kuisoma yote. Wala usiiweke kwenye friza, hata kama jirani anaapa ilimsaidia: unyevu huganda juu ya sahani. Ikiwa diski haisomeki kabisa na data ina thamani, izime na uiache imezimwa mpaka ifike kwa mtu wa kuokoa data.

Kama bado inasomeka na una shaka tu, fungua programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Tazama mistari mitatu: 05, C5 na C6. Hizo ni sehemu za sahani zilizohamishwa, zinazosubiri hukumu, na zilizoshindikana kusomwa. Namba zake huonyeshwa kwa mfumo wa heksadesimali, unaohesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, kwa hiyo 10 hapo ni 16. Sufuri zote ni habari njema; C5 inayoongezeka wiki hadi wiki inakuambia uanze kutafuta diski mpya. Kwenye Linux, amri ni smartctl -a ikifuatiwa na jina la diski. Na kama mashine yako ina SSD peke yake, ruka yote haya: SSD haina kinachozunguka.

Kufungua kasha: zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili mabaki ya umeme yaishe. Gusa bati lisilo na rangi kabla ya kugusa kingine chochote. Unahitaji bisibisi ya nyota namba 2, brashi laini ya rangi, na bomba la karatasi ya jikoni. Bomba ndilo kifaa bora kuliko vyote: mwisho mmoja sikioni, mwingine ukiupitisha juu ya kila kifaa mashine ikiwaka, bila kugusa kitu. Funga nywele, mikono mirefu ya shati ikunje.

Bomba likikuelekeza mahali, thibitisha. Kwa feni ya kasha au ya prosesa, bonyeza kitovu chake katikati kwa kifutio cha penseli, sekunde mbili au tatu tu, kamwe usiguse mapezi. Kelele ikikatika, umempata. Kwa diski, zima mashine, chomoa waya wake wa umeme, washa tena. Itakulalamikia haioni diski, lakini feni zitazunguka kama kawaida, na kimya chake ndicho jibu. Kwa feni ya pawa saplai usichomeke chochote kwenye matundu. Izime, chomoa vyote, kisha linganisha kwa kuazima pawa saplai nyingine.

Sasa angalia feni yenyewe kwa karibu, maana hapa ndipo kesi nyingi huishia. Sauti ya "trrrr" kama kadi kwenye spoku za baiskeli ni waya unaogusa mapezi. Ufunge pembeni kwa kamba ya plastiki. Mvumo mzito wenye kutikisa meza ni vumbi lililoganda upande mmoja wa mapezi na kuvuruga mizani. Safisha kwa brashi na blowa, lakini shika feni isizunguke unapopuliza: upepo huizungusha kuliko uwezo wa beringi. Usiipeleke kwenye kompresa ya kuosha magari, hewa yake mara nyingi huja na maji. Na usishangae ukikuta mayai ya mende karibu na pawa saplai, wanapenda joto.

Mkwaruzo mkavu usiokwisha baada ya kusafisha ni beringi. Zima, tikisa kitovu kushoto na kulia: kikicheza, kimelika. Feni za bushi, ambazo mhimili wake huzunguka ndani ya kijibomba bila gololi, huweza kupewa miezi michache. Bandua stika ya katikati, toa kifuniko kidogo cha mpira kilicho chini yake, dondosha tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha kwa kidole, futa yaliyomwagika ili stika ishike tena. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na dawa ya kulegeza kutu huosha grisi kisha ikakauka. Feni za gololi haziponi kwa mafuta, badilisha.

Ukienda kununua, nenda na feni mzee mkononi. Ukubwa wa kawaida ni milimita 80, 92 au 120, volti 12, plagi ya pini 3 au 4, lakini baadhi ya Dell na HP hutumia plagi na mabano yao pekee. Dukani, izungushe kwa kidole karibu na sikio: nzuri huteleza kimya na kusimama taratibu. Ukitoa hitisinki (chuma cha kupoza) ya prosesa wakati wa kubadilisha feni, futa pesti kuukuu ya kupitisha joto na upake mpya, kiasi cha punje ya dengu.

Ule mlio wa koili hauna hatari, unaudhi tu. Weka kikomo cha fremu (picha) 60 kwa sekunde kwenye mchezo, mara nyingi hupungua.

Milio ya "pi, pi" wakati wa kuwasha ni lugha nyingine, na kila kampuni ina yake. Kwenye HP Compaq nyingi za zamani, milio 5 na taa nyekundu ni RAM, kadi ya kumbukumbu: itoe, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cheupe, irudishe mpaka klipu zifunge. Milio 2 ni prosesa imepata joto kupita kiasi, kwa hiyo rudi kwenye feni.

Pawa saplai ikipasuka "pah!" na kunuka, chomoa na usijaribu tena. Usiifungue pia, ndani yake huweza kubaki volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa. Na mashine iliyotoka Marekani iangalie nyuma kabla ya kuichomeka mara ya kwanza: baadhi zina swichi nyekundu iliyoachwa kwenye 115, nayo inapaswa kuwa 230.

Ukimaliza, funga kasha na uipe kazi nzito nusu saa. Kisha shika kipande cha tishu nyuma ya kasha: feni ya nyuma inapaswa kukisukuma nje. Kikivutwa ndani, uliifunga kinyume.