Somo: Chatne ya embe bichi, na kwa nini siki haipunguzwi

Sosi nyingi za matunda huharibika mapema kwa sababu mpishi ameonja, akaona kali, akapunguza siki. Siki inaleta ladha, sawa, lakini kazi yake kubwa ni ulinzi. Bakteria wanaotengeneza sumu ya botulini hawakui pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ikiwa chini ya 4.6, na embe lililoiva sana huweza kupita hapo. Ndiyo maana tunatumia embe lililokomaa ambalo bado ni gumu: lina asidi, tena lina pektini ya kuifanya sosi iwe nzito bila unga.

Mahitaji: maembe kilo 1 (yapime yakiwa yamemenywa), sukari gramu 350, siki ya asilimia 5 mililita 250, chumvi vijiko vya chai 2, tangawizi kipande cha kidole, kitunguu saumu punje 4, pilipili kadiri upendavyo, kijiti cha mdalasini na karafuu 3.

1. Kata maembe vipande vya sentimita moja, changanya na chumvi na sukari, acha saa moja. Yatatoa maji. Usiyamwage, ndiyo yatakayopikia.

2. Tumia sufuria ya stili au ya enameli. Alumini huliwa na asidi, na sosi hubaki na ladha ya chuma.

3. Mimina vyote sufuriani pamoja na siki, na viungo vilivyosagwa. Ikichemka, punguza moto. Usifunike, tunataka mvuke utoke. Dakika 40 hivi zinatosha, ila zile 10 za mwisho usiondoke jikoni, maana hapo ndipo sukari hushika chini.

4. Pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia yake ikikawia kuzibika, epua. Wengi hungoja iwe nzito kama wanavyoitaka mezani, kisha ikipoa inakuwa gundi.

5. Poza kijiko kimoja uonje, kwa sababu sosi ya moto hudanganya: mvuke wa siki hupanda puani. Ikiwa bado kali, ongeza sukari. Siki iache ilivyo.

6. Jaza ikiwa moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa dakika 10, acha nafasi ya sentimita moja juu, funga. Weka kwenye friji. Ngoja wiki mbili ndipo ule. Ukali hutulia na viungo huingiana.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nina maembe mabivu tu, nifanyeje?*
Marahaba. Pika, ila punguza sukari na usiguse siki. Yatavurugika yawe uji laini, na mimi naona hiyo inafaa zaidi kupaka kwenye nyama ya kuchoma.

*Naweza kutumia limau badala ya siki?*
Kwa sosi ya kuliwa siku chache, ndiyo. Ya kuhifadhi, hapana: ukali wa limau moja haulingani na wa jingine, wakati siki imeandikwa asilimia kwenye chupa.

*Dada, mimi natengeneza sosi ya nanasi na mtindi. Kesho yake inakuwa chungu. Mtindi ni mbovu?*
Mtindi hauna kosa, mdogo wangu. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinachovunja protini za maziwa na kuacha uchungu. Chemsha nanasi dakika chache, lipoe, ndipo uchanganye. Papai nalo lina chake, papaini.

*Nikimwaga mafuta juu ya chatne ili hewa isiingie?*
Usifanye hivyo. Bakteria wa botulini hupenda mahali pasipo na hewa. Kinachowazuia ni asidi.

*Yangu imetoa mapovu na kifuniko kimevimba. Nikiichemsha tena?*
Tupa yote, bila kuonja.