Somo: Akisema "inauma, sista", anza hapa

Wauguzi wenzangu wa Kigoma, habari za zamu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilipokea usiku kijana mvuvi aliyevunjika mguu na kufungwa P.O.P (plasta ngumu). Aliomba dawa ya maumivu mara tatu. Mara ya pili nilimwambia ajikaze, yeye ni mwanaume. Kulipokucha vidole vya mguu vilikuwa vya baridi, vimekufa ganzi. Uvimbe ulikosa pa kutokea ndani ya ile P.O.P, ukabana misuli na damu. Maumivu yanayozidi juu ya dawa, na ukimnyoosha vidole anapiga kelele, ndiyo dalili ya mapema. Ubaridi huja umeshachelewa. Alipasuliwa asubuhi ile, na leo anatembea kwa fimbo. Ndiyo maana naandika somo hili.

Hatua ya 1: Uliza, kisha amini. Muuguzi Mmarekani Margo McCaffery alifundisha tangu 1968 kwamba maumivu ni yale anayoyasema mwenye nayo. Usiulize "unaumwa?", maana kila aliyelazwa anaumwa. Uliza "panakuuma wapi, tangu lini, nini kinazidisha?" Mama wa Kirundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akikwambia "ndababara" (naumia), ameshakujibu, usingoje mkalimani ndipo uanze kumhudumia.

Hatua ya 2: Sikiliza kitenzi. Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia sana. Akisema panachoma, panawaka moto, kama shoti ya umeme, tena pana ganzi, fikiria mishipa ya fahamu: kisukari, au mkanda wa jeshi. Parasetamoli peke yake mara nyingi haifui dafu. Mkumbushe daktari dawa ya amitriptilini. Panasokota, panaachia, panarudi: utumbo, njia ya mkojo au mfuko wa uzazi. Panapwita: tafuta jipu. Kifua kinabana hadi taya au mkono wa kushoto: acha maswali, ita daktari.

Hatua ya 3: Pata kipimo. Sifuri hadi 10. Mzee asiyezoea namba mpe maneno: hakuna, kidogo, kiasi, sana, hayavumiliki. Pima akiwa ametulia, pima tena akikohoa au kugeuka. Aliyepasuliwa tumbo anaweza kulala kimya kabisa kwa sababu anaogopa kukohoa, na asipokohoa makohozi yanabaki kifuani, nimonia inaingia.

Hatua ya 4: Tibu. Ngazi tatu za Shirika la Afya Duniani za 1986 ziliandikwa kwa ajili ya saratani: parasetamoli au diklofenaki, kisha kodeini, kisha mofini. Mwenye maumivu makali ya ghafla hapandishwi ngazi mojamoja. Parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Diklofenaki mwepushe mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu. Mto chini ya mguu nao ni tiba.

Hatua ya 5: Rudi. Nusu saa baada ya sindano, saa moja baada ya kidonge, uliza tena, andika namba mpya. Hii ndiyo tunayoiruka kuliko zote. Mafaili yamejaa "amepewa dawa", lakini kama ilimsaidia hakuna aliyeandika.

Maswali yenu

*Shikamoo sista. Mgonjwa wa sikoseli anasema 9 huku anachati. Niandike ngapi?*
Marahaba. Andika 9. Mwenye sikoseli ameishi na maumivu tangu utotoni, simu inamsahaulisha kidogo. Ulichokiona kiandike pembeni, lakini namba ni yake.

*Mtoto wa mwaka mmoja je?*
Tazama uso, miguu, mwili unavyojinyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja 0 hadi 2, jumla 10. Na muulize mama kama hicho ni kilio cha njaa; yeye anavijua vilio vya mwanawe.

*Mama yangu ana saratani, ameandikiwa mofini ya maji. Ndugu wanasema atakuwa teja.*
Pole sana, mdogo wangu. Akinywa kwa maumivu, kwa kipimo alichoandikiwa, hilo lisiwafanye mmnyime. Mpe kwa saa, kwa kawaida kila saa 4, msingoje alie. Kitakachomsumbua ni choo kigumu, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Akisinzia asiamshike, au pumzi zikashuka chini ya 10 kwa dakika, dozi inayofuata msimpe, mkimbizeni hospitali.