Kutoka Arusha hadi Ziwa Natron kwa Pikipiki

Anayepanga kwenda Ziwa Natron kwa pikipiki ayafikirie makorongo kwanza, kilomita baadaye. Kutoka Arusha hadi Makuyuni ni lami ya kilomita 80 hivi, na hadi Mto wa Mbu zinaongezeka nyingine zisizofika 40. Kipande hicho hakina siri, ila mabasi ya barabara ya Dodoma hayana desturi ya kumpisha mwenye pikipiki. Safari yenyewe huanza Mto wa Mbu, unapoelekea kaskazini kupitia Selela na Engaruka huku ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa kushoto kwako, zaidi ya kilomita 100 hadi kijiji cha Ngaresero, karibu na ziwa.

Muda mzuri ni kati ya Juni na Oktoba. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, usijaribu. Hata vuli ina hila yake, kwa sababu mvua hunyesha juu kwenye nyanda za Ngorongoro, na maji yakashuka hadi kwenye korongo lililokuwa kavu asubuhi, ilhali juu ya kichwa chako hakuna hata wingu. Kwa hiyo tazama milima ya magharibi, na uvuke mapema kabla ya mchana kukolea.

Ukikuta maji, zima injini, shuka, na uvuke kwanza kwa miguu ukiwa na fimbo ya kupimia. Yakipita kitovu cha gurudumu, au yakiwa na nguvu ya kukuyumbisha, kaa kivulini usubiri. Mimi nimewahi kusubiri saa tatu, nikapitwa na mbuzi waliovuka bila wasiwasi maji yalipopungua. Unapovuka, tumia gia ya kwanza, shika mafuta kwa kiasi kilekile bila kukatiza, wala usibane klachi katikati ya mto. Injini ikizimika ndani ya maji usipige kiki: isukume hadi nchi kavu, fungua pleki, kisha piga kiki mara kadhaa ili maji yaliyoingia yatoke. Angalia na oili pia, kwani ikigeuka rangi ya chai ya maziwa ni lazima imwagwe.

Mchanga mzito na majivu ya Ol Doinyo Lengai ndivyo vinavyoangusha watu wengi zaidi kuliko maji. Mlima huo, wenye urefu unaokaribia mita 3,000, ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007, na vumbi lake laini huingia kila mahali. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, simama juu ya vikanyagio, tazama mbali badala ya kuangalia gurudumu la mbele, na usiguse breki ya mbele. Mzigo uufunge kwa mipira ya tyubu chini iwezekanavyo, maana begi refu juu ya keria huiyumbisha pikipiki mchangani.

Jaza tangi Mto wa Mbu na ubebe dumu la lita 5, kwa kuwa huko mbele petroli huuzwa kwenye chupa, ikiwepo, na pikipiki ya cc 150 inayokwenda kilomita 40 kwa lita mjini haitafika hapo ikiwa inahangaika kwa gia ya pili. Beba tyubu mbili, solusheni na viraka, pampu, spana, pleki na filta safi ya hewa. Maji ya kunywa yasipungue lita 5 kwa mtu kwa siku, kwa maana ziwa liko chini, kwenye mita 600 hivi, na joto lake si la Arusha. Maji ya ziwa lenyewe yana magadi makali, hayanyweki. Magadi hayo hula chuma, hivyo ukifika kijijini osha cheni kwa maji baridi ya mto Ngaresero kisha uitie oili siku hiyohiyo.

Weka pesa taslimu kwa ajili ya ushuru wa mageti. Usipange kuendelea hadi ndani ya Serengeti, kwa kuwa hifadhi za taifa haziruhusu watalii kutembea kwa pikipiki. Kurudi, wanaopenda mzunguko hupitia Gelai na Kitumbeine hadi Longido, kisha wakashika lami ya Namanga. Njia hiyo ina watu wachache, basi ipitwe na pikipiki mbili au zaidi, na kila mchungaji mnayemkuta msalimieni kwanza, ndipo mmuulize habari za makorongo yaliyo mbele.